Dume la Mzee Masunga na Ruta Zangu Mbili

Jamani, uongo unapeleka pabaya! Juzi nilifunga ruta ya pili ofisini kwetu Lagangabilili, intaneti ikakata palepale. Bosi aliponibana, nikasema ng'ombe wa Mzee Masunga wamejikuna kwenye mnara wa intaneti, ukaharibika.

Mzee akaitwa. Akaja na ng'ombe wa zizi zima, akawapanga uani kama gwaride la utambulisho.

“Mwangaluka, mwanangu,” akanisalimu kwa Kisukuma. “ Nionyeshe ni yupi.”

Nikanyooshea kidole dume jekundu.

Mara fundi wa kampuni ya intaneti akampigia bosi, akawekwa spika. “Mnara ni mzima, hauna tatizo. Ruta ya kwanza inatuma kila kitu kwa ya pili, ya pili inairudishia ya kwanza. Hakuna kinachotoka nje. Nani kazipanga hivyo?”

Bosi akanigeukia. Mzee akanigeukia. Dume nalo likanigeukia, kidole changu bado kimelinyookea.