Nimemuchagulia Fimbo ya Gofu Mwanaume Mwenye Aliniharibia Kazi

Mufuasi wetu mumoja wa Uvira ametuandikia. Jina tumelificha, maneno tumeyaacha namna aliyatuma.

Salamu kwenu bote. Minye ni mwanamuke wa miaka 32, nakaa Uvira, niko nauza bitu bya michezo bya chaguwa, bile bimekwisha kutumiwa Ulaya: bilatu bya kuvaa mu mupira, raketi, na fimbo za gofu. Musicheke. Fimbo za gofu zinafika mu balo moja, furushi moja, na bilatu, na bachezaji banatoka mpaka Bujumbura kuja kuzitafuta kwangu.

Nimekulia Luberizi, kule mupunga unapigwa juu ya pipa kwa nguvu mpaka mbegu zitoke zote. Mukono wangu haujui kwenda polepole. Nikiwa binti nilikuwa navuka mpaka kila asubuhi kwenda Bujumbura kubeba mifuko ya bachezaji wa gofu, na jioni banatuachia tupige mipira yetu. Nilikuwa napiga mbali kupita banaume. Muzee mumoja alinizawadia fimbo yake ya kupigia mbali, ya mupini mugumu, akaniambia: «Mutoto, mukono wa mbio unataka mupini mugumu. Ukipiga na mupini laini, kichwa cha fimbo kinageuka kujifunga mbele ya kufika kwa mupira, na mupira unakimbilia kushoto.» Sikusahau ata neno moja.

Nilikuwa na muchumba, naye anabeba mifuko pale pale. Nitamuita Safari, si jina lake. Alikuwa amekwisha kujionyesha kwetu, baba alimupokea. Siku moja wakubwa wa uwanja banatafuta mwalimu wa kufundisha batoto. Tukabakia bawili, minye na yeye, tupige mipira mitatu mitatu mbele yao. Asubuhi ile naangalia mufuko wangu, fimbo yangu haiko.

«Sheri, nimeona ufa kwa kichwa, nimeipeleka kwa fundi,» ananiambia. «Chukua hii, iko muzuri kwa mwanamuke.»

Niliishika tu nikajua iko laini, lakini jina langu lilikuwa limekwisha kuitwa. Mipira mitatu, yote mitatu kushoto, ndani ya miti. Banaume balicheka, mumoja akasema nirudilie mupunga. Halafu Safari akaingiza mukono mu mufuko wake, akatoa fimbo yangu. Ufa? Ufa gani! Alipiga nayo, akapata kazi. Kwa wakubwa sikumushitaki, mujinga minye, ju nilijisemea tukioana itakuwa kazi yetu sisi bawili. Kisha miezi mine kupita, akaniambia hawezi kuoa mwanamuke mwenye kushindana na yeye. Nililia mpaka mama akaogopa.

Miaka tisa imepita. Wiki iliyopita namuona amesimama mbele ya meza yangu, tumbo limetokea, anacheka.

«Dada, habari?»

Dada! Dada ya nani?

Bamemuita Kigali ajaribiwe Jumatatu hii inakuja, kwa kazi ya mwalimu mu uwanja mukubwa, na fimbo yake imevunjika. «Kila fasi nauliza, bananiambia mwenye kujua kuchagua fimbo ya chaguwa ni weye,» anasema. Nikamuuliza kama anakumbuka ile siku yetu. Akapeperusha mukono: «Aa, achana na hayo, tulikuwa batoto.» Kuomba musamaha, ata kidogo. Njo pale moyo wangu ulikata shauri.

Nilikuwa na fimbo mbili za mbali. Fimbo ya chaguwa unaigonga uso na kucha, unasikiliza: yenye ufa inalia vibaya. Kisha unaegemeza kichwa chini, unasukuma mupini na kiganja, unasikia namna unapinda. Ya kwanza ilikuwa ngumu, nzuri kabisa, ya mukono wa mbio kama wake. Ya pili kichwa kilikuwa kipya, lakini kuna muntu kule Ulaya alibadilisha mupini, akatia laini, na juu yake bakabandika karatasi ya herufi ya kuonyesha mupini mugumu. Haki ya Mungu, si minye nilibandika.

Nilimupa ya pili. Akauliza: «Iko ngumu?» Nikamujibu: «Soma mwenyewe.» Akasoma, akaridhika. Tangu zamani Safari anasoma herufi, mukono wake hausikii kitu.

Tukashuka pwani ya ziwa ajaribu. Munajua hapa kwetu: mupira ukiingia mu maji hakuna wa kuufwata, viboko biko. Kwa hiyo alipiga nusu ya nguvu, na kwa nusu ya nguvu mupini laini unapeleka mupira sawasawa. «Weye mwanamuke, uko na jicho!» Akaenda anapiga mulunzi. Minye nilirudi nyumbani nikakula ugali sahani mbili.

Sasa jana bibi yake, yule alioa nyuma yangu, amenipigia telefoni. Sikuwahi kuongea naye. Anasema: «Dada, aksanti. Amekwisha kuacha kazi ya huku, na nyumba tumerudisha, Jumapili tunapanda basi na batoto. Amesema kama ulimuchagulia weye, basi iko sawa, ju weye haukumudanganya ata siku moja.» Nikamuambia safari njema. Nilipokata, sikujua kama nasikia huruma ao furaha.

Fimbo ngumu iko hapa, chini ya kitanda. Musinihubirie kusamehe, iyo nasikia kila Jumapili. Yule mama na batoto hawakunikosea kitu, najua. Lakini ile mipira mitatu nimeilalia miaka tisa, na nataka naye aone yake ikiingia kushoto, bantu bakicheka. Leo ni Ijumaa. Nishaurini bandugu: nimupelekee fimbo ngumu mbele basi iondoke, ao nimuache apige kwanza? Mufanye mbio kunijibu, ju mukinyamaza, minye sitoki hapa.