Nia za Filbert

"Mama Vicky, hivi Filbert anasali au anasoma taarifa ya habari?"

Jirani yangu Hyasinta aliniuliza hivyo siku moja tukishuka ngazi, tunatoka kusali jumuiya. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Filbert anauza magazeti hapa Mchafukoge, nje ya duka la vitambaa. Watu wanasimama, wanasoma vichwa vya habari bure, wanabishana, wanaondoka. Hamfukuzi mtu. Na Jumamosi kwenye jumuiya, tunaposali nyumba kwa nyumba na kila mtu kutaja nia zake kwa zamu, wakati sisi tunaombea wagonjwa wetu na watoto wenye mitihani, yeye anaombea gazeti zima. Waliofurikiwa na maji Jangwani. Machinga waliovunjiwa meza. Wanaopandisha bei ya mafuta ya kula, Mungu awaguse roho. Tunaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," wengine wakifinyana.

Mwaka huu mji ulipochafuka, mwenyekiti wetu Aristides akamwambia Filbert, kwa jina tunalowaitia Wachaga, "Mangi, punguza. Siku hizi hujui nani anarekodi."

"Namwambia Mungu, bwana. Siwaambii nyie."

"Basi mwambie kimoyomoyo."

Akatii. Zamu yake ikifika anasema tu, "Kwa nia zangu," anakaa.

Sasa wiki iliyopita machinga wakaondolewa barabarani kwa nguvu, moshi wa mabomu ya machozi ukatufikia mpaka vyumbani. Shukuru, mtoto wa dada yake Filbert, aliyekuwa akiuza soksi pale kona, hajarudi mpaka leo. Filbert amezunguka vituo vya polisi, hospitali, mpaka chumba cha maiti. Hayumo. Ndugu wamemsihi anyamaze, asije akamponza zaidi. Magazeti anayoyauza hayajaandika neno.

Tangu hapo rozari yangu haiishi. Nikifika katikati, pikipiki ikisimama chini, naacha nakwenda dirishani kuona kama amerudishwa.

Jana nilimpitia. Magazeti yalikuwa bado yamefungwa kamba, na kumekucha zamani. Mteja akamtania, "Mzee, leo hutuhubirii?" Akanisogeza pembeni, anajua Jumamosi hii jumuiya inasali kwangu.

"Mama Vicky," alisema, "mimi nikifungua mdomo wataita siasa. Wewe hakuna anayekuogopa. Zamu yako ikifika, usiseme kijana mmoja, wala usiseme waliopotea. Sema Shukuru Elibariki. Mtaje kwa sauti, tafadhali, na jina la baba yake."