Mtu Aliyetazama Watazamaji

Wewe unayenisikiliza, sogea kidogo, nianze na jambo ambalo bila hilo hutanielewa. Kibondo nina banda la video. Filamu zinazungumza Kiingereza, nami nakaa pembeni ya runinga na maiki, natafsiri kwa Kiswahili, na kwa Kiha, lugha ya kwetu, pale wazee wanapoachwa nyuma. Wakati huo tulikuwa na tamthilia ya majasusi, sizoni kama vijana wanavyoiita, iliyozaliwa na filamu ambazo tulishazionyesha zote. Ila hadithi yake inatangulia zile filamu. Kwa hiyo mkuu wa majasusi, aliyepigwa risasi mbele ya macho yetu kwenye filamu ya mwisho, humu yuko hai, anakunywa chai.

Mimi siwezi kuacha kitu bila kukieleza. Jasusi akitokea, nasimamisha picha. "Mwoneni huyu. Kakaa karibu na mlango. Haangalii wanachoangalia wenzake, anaangalia watu." Watazamaji wangu wakawa wanafunzi wazuri kupita nilivyotaka.

Jumamosi moja alasiri, watu wametoka sokoni na banda limejaa, nikaona vichwa vinageuka. Benchi la nyuma, jirani na mlango, alikaa mwanamume mgeni mwenye koti la kahawia. Alishakuja mara kadhaa wiki ile. Kwenye runinga jasusi alikuwa anaruka ukuta, na mgeni wala hakumwona. Alikuwa anatutazama sisi.

Mwendesha bodaboda mmoja, ambaye benchi la mbele ni kama lake, akainuka, akaenda mlangoni, akasukuma komeo.

"Mama, simamisha," akasema. "Dalili zote ulizotufundisha, huyu anazo."

Nikasimamisha. Feni ikabaki inalia peke yake.

Huku mpakani neno mpelelezi si la utani. Wengi waliokuwa mle ndani, wazazi wao walivuka kutoka Burundi wakikimbia, na nyumbani walilelewa kumwogopa mtu mkimya anayekariri nyuso. Nimewahi kuona mtu akipigwa sokoni kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Na sasa watu walishaanza kusimama.

"Wewe bwana, umetumwa na nani?" bodaboda akauliza.

"Sijatumwa."

"Hata yule wa juzi alisema hivyohivyo!" akadakia mama muuza maharage, akinyoosha kidole kwenye runinga. "Na alikuwa katumwa!"

Wachache wakacheka, lakini hakuna aliyegusa komeo.

Nikapita katikati ya mabenchi, nikasimama kati ya mgeni na bodaboda. Nikamwuliza mgeni taratibu, kwa Kiha, anatafuta nini hapa. Nikamwambia akisema kweli nitasimama naye.

Akajibu kwa Kiswahili, wote wasikie. "Nina banda kama hili, Kasulu. Naonyesha sizoni hiihii. Watu wangu wanaondoka. Wananiambia nimewaletea mzimu, huyu mzee si alikufa? Nikasikia Kibondo watu hawaondoki. Ndiyo nikaja kuona mnacheka wapi, mnanyamaza wapi."

"Kumbe jasusi kweli!" sauti ikatoka katikati.

"Hadithi tu hizo," bodaboda akasema. "Kama ni mtafsiri, atafsiri."

Nikampa maiki. Akaisogeza karibu mno, ikamgonga meno. Nikabonyeza. Mkuu wa majasusi akatokea kituo cha treni, anaagana na binti yake. Mgeni akaanza mbio, maneno yakigongana: "Anasema... anasema eti yeye..." Watu wakaguna. Bodaboda akaanza kukunja mikono ya shati.

Nikasimamisha tena. "Usianze na anachosema," nikamnong'oneza. "Waambie kitu wanachokijua wao, na yeye hakijui."

Akawageukia watu.

"Ndugu zangu, huyu mzee mnamjua. Mlimwona akifa. Yeye hajui. Hapa anamwahidi mwanawe kwamba siku ya harusi yake atakuwepo."

Hakuna aliyeguna. Mama muuza maharage akashika shavu. "Maskini. Na hatakuwepo."

Nikabonyeza. Mgeni akaendelea, sauti ikimrudia kidogo kidogo. Binti alipokuwa anapunga mkono na treni inaondoka, nikasikia komeo likifunguliwa. Bodaboda akapita kando yetu, akakaa kwenye benchi lake.

"Kaka, ongeza sauti," akasema, bila kumtazama.

Asubuhi yake, kabla mgeni hajapanda gari la Kasulu, nilimweleza tena, polepole, kama ninavyokueleza wewe, maana huenda siku moja ukashika maiki. Kabla ya kubonyeza, washa taa, wageukie watu, waambie ni nani atakufa baadaye na kwamba mwenyewe bado hajui. Kisha zima taa, uanze.