Bendera Tuliyoikata Kama Doti

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa ukumbini nachambua mchele, mjukuu wangu pembeni na simu yake. Akanigeuzia kioo. "Bibi, hebu ona. Watu wote hawa na bendera nyekundu, sijui ni wapi." Nikavaa miwani. Nikaona umati wa Wahindi, wake kwa waume, barabara haipitiki, na juu yao bendera zenye nyundo na mundu. Nikamwambia, "Hao ni wakomunisti wa Bara Hindi. Sikiliza vizuri huyo msemaji, ni wale wa fungu la zamani au ni wale waliojitenga?" Mtoto akanitolea macho. "Bibi wewe! Darasa la tatu, haya umeyasomea wapi?"

Sikuyasomea, mwenzangu. Niliyasikia nikiwa nakuna nazi.

Nililelewa na bibi yangu huko Tanga, mtaa wa Mabawa, katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko uani. Chumba cha mbele kinachotazama barabara bibi alimpangisha fundi cherehani, Mhindi wa kusini kabisa, kutoka jimbo linaloitwa Kerala. Kila Jumapili alikuja kwa baiskeli rafiki yake, mwalimu wa shule ya Wahindi mjini. Walizaliwa kijiji kimoja. Majina yao ninayo mpaka leo, Kunjuraman na Pavithran, lakini mtaani nani angeyaweza? Tuliwaita Fundi na Mwalimu, basi.

Wahindi wenzao waliwashangaa, hasa Fundi, kwa kukaa na sisi kwenye nyumba ya udongo. Yeye akijibu, "Chama changu ni cha watu wa kazi. Nikakae ghorofani na nani?" Na bibi, aliyekuwa hana simile, akimdakia kutoka uani: "Chama chenu hakina Mungu, na wewe ukijichoma sindano unamwita mama yako!" Fundi akicheka mpaka anaondoa mguu kwenye cherehani.

Jumapili ile niseme vipi uielewe? Alfajiri nachota maji bombani, madebe manne. Nafagia uwanja. Halafu nakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, na Fundi anakuna ya kwake kando yangu, maana kwao pia ni nchi ya minazi na samaki, kama Pangani alikozaliwa bibi. Bibi anampaka samaki wake tui na ndimu. Fundi anampika wake kwa pilipili na majani mabichi aliyoyapanda mwenyewe ndani ya debe. Chumba kinanuka mafuta ya mashine na mkaa wa pasi, uani kunanuka tui. Tukishiba, Mwalimu anafungua gazeti la chama lililokuja kwa meli, kuukuu la wiki nyingi, na kumsomea Fundi kwa lugha yao. Fundi hakujua kusoma. Alikuwa anashona tangu ana miaka minane. Kila Mwalimu akimaliza kipande, Fundi anatugeuzia sisi kwa Kiswahili, kwa maneno yake na chumvi yake.

Ndivyo nilivyokijua chama kile. Kwao, wakulima walilima mashamba ya mabwana, na mpunga ukikomaa bwana anachukua fungu kubwa. Chama kikaingia humo, kwa wakulima na wafumaji na watu wa viwandani. Serikali ikakipiga marufuku, watu wakafungwa, wengine wakauawa. Fundi mwenyewe, kabla hajaja kwetu, alilala miezi juu ya dari ya makuti, akishonea wenzake mashati yenye mfuko wa siri wa kutia barua. Baadaye kikaruhusiwa. Na hapo Fundi alikuwa akisimama kila akisimulia: kikapigiwa kura, kikashinda, kikashika serikali ya jimbo zima! Siku habari ile ilipofika Tanga nilikuwa mdogo mno. Nakumbuka tu kwamba Fundi aliacha suruali ya mtu nusu, akaenda kununua kashata za watoto wa mtaa wote. Haikupita miaka mingi serikali kuu ikaivunja ile ya jimbo, na siku hiyo wala cherehani hatukuisikia.

Mwalimu naye alikuwa na kazi nyingine Jumapili. Bibi alikuwa amenitoa shule nikae nimsaidie yeye, basi Mwalimu alinifundisha kusoma pale pale juu ya meza ya kukatia nguo, kwa chaki ya fundi. Alikuwa mpole, lakini kosa halipiti. Nilikuwa nimefika kusoma mstari mzima bila kusimama.

Kila mwaka mwezi wa tano, siku ya wafanyakazi, walitoa bendera sandukuni. Mwalimu ndiye aliyeichora, Fundi akaishona: kitambaa chekundu, nyundo na mundu za manjano zimepandana katikati. Waliitundika kwenye kamba ya nguo uani na kupikia mtaa. Alikuja Mwanaidi wa vitumbua, alikuja Mzee Kombo wa bombani, alikuja Hilda na mumewe, Wakatoliki, mume mkata mkonge, mikono imejaa miba. Tulikula mpaka tukalala.

Halafu likaja gazeti lile.

Mwalimu alisoma kidogo, akalilaza mezani. Fundi akamwambia aendelee. Chama kimegawanyika. Bara Hindi na China zilikuwa zimepigana mpakani, Mrusi na Mchina nao hawapatani, na ndani ya chama watu wamelaumiana mpaka wengine wametoka na kuunda chama chao. Mwalimu akasema waliotoka ndio wa kweli. Fundi akasema mtu hatoki nyumbani kwao kwa sababu jirani kamwambia. Wiki iliyofuata wakapandishiana sauti. Iliyofuata, mtaa wote ukasikia.

"Kibaraka wa Moscow!"

"Nenda Peking ukafundishe huko!"

Wapita njia walidhani wanagombania mwanamke. Bibi akatoka na mwiko. "We Mwalimu, Mchina kakupa nini? Na wewe Fundi, Mrusi ameshawahi kukuletea hata suruali ya kupunguza? Kaeni mle!" Hawakukaa. Mwalimu alichukua baiskeli yake, na Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Gazeti likawa linamfika Mwalimu peke yake, Fundi hana wa kumsomea. Na mimi sina mwalimu. Nilikuwa nalia nikichota maji, maana nilijua wasipopatana ndio basi tena, herufi zangu zinaishia pale.

Mwezi wa tano ukakaribia. Mwalimu akatuma salamu: anataka bendera, ni mchoro wake. Fundi akajibu haitoki, ni mshono wake. Mwisho wakakubaliana neno moja tu, kwamba akae nayo bibi, kwa kuwa bibi hana upande. Amana, basi. Bibi akaipokea kwa mikono miwili.

Sasa wewe unajua kanga ilivyo. Doti inauzwa vipande viwili vimeshikana, na haivaliki mpaka ikatwe na kupindwa. Bibi alikuwa na shoga yake Pangani, na kila doti aliyonunua mmoja wao waliikata, kipande kwako kipande kwangu. Kwake yeye hakuna mapenzi ya watu wawili yaliyopita hayo. Asubuhi ya sikukuu yao ile akatandika mkeka, akaikunjua ile bendera, akaitazama. Akaniambia, "Nguo nyekundu nzuri hii, watu wawili wanaigombea kwa sababu haijakatwa. Kalete mkasi wa Fundi."

Nilikata mimi. Bibi alishika huku, mimi nikapitisha mkasi katikati, juu ya nyundo, juu ya mundu, na nilifurahi, mwenzangu, kwa jinsi ulivyokuwa mkali. Bibi akapinda kingo zote kwa mkono, mshono mdogo mdogo, wa mapenzi. Kisha akawaita wote wawili, na kwa heshima yake wakaja. Akapakua wali na samaki, na pembeni ya kila sahani akaweka kipande kimekunjwa.

Mwalimu alikunjua cha kwake. Fundi akakunjua cha kwake. Kila mmoja kapata nusu ya nyundo na nusu ya mundu.

"Mama," Fundi akasema, "umefanya nini?"

"Nimewapa doti. Kila mmoja na chake, na nyote ni wamoja."

"Mama, hii siyo kanga."

"Nguo si nguo?"

Mwalimu alikikunja kile kipande taratibu, pembe kwa pembe, akakitia mfukoni. Akamuaga bibi kwa adabu. Mimi aliniwekea mkono kichwani. Alipofika mlangoni akamwambia Fundi kwa Kiswahili, nadhani alitaka na sisi tusikie, "Hajakosea. Ndivyo tulivyo." Baiskeli ikaenda. Wali ule tuliwapa kuku.

Bibi hakuwa mtu wa kuomba radhi. Lakini siku ile alikwenda kwenye mlango wa Fundi, akasimama na ushungi wake, akasema ameharibu amana ya watu. Fundi akamletea kiti. Wakakaa pamoja mpaka adhana ya alasiri.

Mkataba wa Mwalimu ulipokwisha alirudi kwao. Hakuja kuaga, na Fundi hakwenda bandarini, ila asubuhi ile alipinda mguu wa suruali moja, akafumua, akapinda tena, mara tatu. Mwaka mmoja baadaye ikaja barua kwa jina la Fundi, imeandikwa kwa herufi zao za duara duara. Nikaigeuza huku na huku, hazikuwa zangu. Bibi akamwambia kuna karani wa shamba huko Maramba anayetoka kwao, aende akasomewe. Fundi akakataa.

"Kama ameandika habari za chama, nilishazisikia. Kama ameniandikia mimi, sitaki nilie mbele ya karani."

Fundi alifia Tanga, bibi alikuwa keshatangulia. Nyumba ile imevunjwa, pana duka la vifaa vya simu. Chama walichokigombania, mjukuu wangu kanisomea, kiligawanyika tena na tena, na kila fungu lina bendera yake. Ameniuliza nani kati yao alikuwa na haki. Nikamwambia sijui, baba. Mimi nilijua nani alikuwa anakula wapi Jumapili, na siku ambayo hakula.

Lakini barua ile Fundi aliijibu. Alinunua kitambaa cheupe kizuri, akakata shati bila kupima, vipimo vya Mwalimu alikuwa navyo kichwani. Nilikaa naye nikitia vifungo. Alipofika ubavuni akasita, akapunguza kidogo kila upande, akasema yule hana wa kumpikia sasa, atakuwa amekonda. Tukalifunga, nikaliandika anwani kwa mkono wangu, nikiiga moja moja herufi zilizokuwa nyuma ya bahasha ya Mwalimu. Likaenda kwa meli.

Kama lilimtosha, hatukupata kujua.