Plau ya Hoyt kwenye Nipe Nikupe

Verlene Stovall hakuajiriwa redioni kwa uzuri wa sauti. Sauti yake ilikwaruza kama mlango wa banda usiotiwa mafuta, na mwenyewe alijua. Aliajiriwa mwaka 1961 kwa sababu mji mzima wa Tully Fork, Arkansas, hakuna mwingine aliyewaweza ng'ombe wale. Mwenye redio, muuza vyakula vya mifugo, alikuwa amesimamisha mnara wake katikati ya malisho, na ng'ombe walipenda kujikuna kwenye nyaya zinazoushikilia. Wimbo ukifika patamu tu, redio inakatika. Siku moja Verlene alikuja na ufagio, akawatimua, akaingia ndani kuomba maji. Akamkuta mtangazaji anaumwa tumbo.

"Dada, hebu nishikie hiki chombo dakika mbili."

Alikishika miaka thelathini na mitatu.

Ilikuwa redio ya muziki wa kantri basi: magitaa, fidla, na wanaume wanaolilia wake walioondoka. Kibali chake kilitaka izimwe jua likizama, kwa hiyo majira ya baridi ilinyamaza watu hawajala hata chakula cha jioni. Lakini kipindi kilichousimamisha mji kilikuwa Nipe Nikupe, saa tatu kila asubuhi. Unapiga simu, unataja ulicho nacho na unachotaka badala yake. Masharti yalikuwa mawili: pesa haitajwi, na wa kwanza kupiga ndiye anayechukua, mwenye kitu akiridhia. Kuna gauni la harusi, halijavaliwa hata mara moja, lililobadilishwa kwa bunduki ya kuwindia bata, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kila Jumatatu alipiga Hoyt Lumpkin, mgane mmoja mfuga nyumbu, wale chotara wa punda na farasi.

"Habari za asubuhi, Bi Verlene. Ninayo plau ya kukokotwa na nyumbu."

"Unayo tu, Bwana Hoyt? Wiki iliyopita si uliahidiwa mbuzi wawili?"

"Walikuwa na macho ya kijanja wale."

"Na lile beseni la kuogea?"

"Nitalifikiria."

Miaka tisa! Mji mzima ulijua kwamba plau haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa mwenye plau, domo zege wa kupindukia, asiyeweza kumwambia mwanamke kwamba anampenda. Verlene naye, mjane wa miaka kumi na miwili, alijitia hajui. Ila Jumatatu alivaa hereni kwenda redioni, mahali ambapo hakuna anayemwona.

Mwaka 1994 mwenye redio akafariki, na wanawe wakaamua kuifunga Ijumaa ya mwisho ya Mei. Jumatatu ya wiki ile Verlene alisubiri roho juu. Hoyt akataja plau yake, akakohoa, akasema, "Haya, Bi Verlene. Kwaheri." Akakata simu. Verlene alikasirika mpaka akamtukana ng'ombe dirishani. Redio ikifungwa, hakuna tena Jumatatu, na mwanamume yule hangefungua kinywa mpaka azikwe.

Ijumaa, saa tatu kamili, aliigawa redio yenyewe kwenye Nipe Nikupe. Viti, saa ya ukutani, sahani zote za muziki. Watu walipiga simu mfululizo, wakaja kuchukua, wakaacha chupa za jemu na mayai mpaka meza ikajaa. Kisha akavuta pumzi.

"Kitu cha mwisho," akasema. "Kiti kimoja kwenye meza ya jikoni kwangu. Kinakuja na kahawa, maharagwe na mkate wa mahindi, saa tatu kila asubuhi. Badala yake nataka plau ya kukokotwa na nyumbu. Wa kwanza kupiga anachukua."

Simu ikanyamaza.

Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Redioni kimya ni dhambi, na angeweka wimbo wa kufunika aibu, lakini sahani zote alikwisha kuzigawa. Bibi mzima, miaka sitini na minne, umejianika mbele ya wilaya nzima, alijiambia. Dakika ya kumi na tano, simu ikalia.

"Bi Verlene!" Hoyt alikuwa akihema. "Nilikuwa zizini, sikusikia! Mchungaji wa kanisa kanikokota kwa ukosi wa shati. Hapa uani pana magari manane, wanapiga honi tu. Wanasema mji mzima hakuna aliyegusa simu, wameniachia laini mimi. Kile kiti... bado kipo?"

Verlene alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na watu wote wakimsikia.

"Nitakufikiria," akasema mwishowe.

"Nimeshapakia plau, mama! Usinifanyie hivyo!"

"Basi njoo, wewe mzee, kabla kahawa haijapoa."

Jua lilikuwa bado juu. Verlene hakulisubiri lizame. Alizima mitambo kwa mkono wake, akachukua mayai, akawahi nyumbani kupasha maharagwe.