Mwizi wa Duka la Baba

Mpangaji wetu anauza mbegu na dawa za mifugo, na wateja wake humtania kwa sababu ya madirisha. Nondo zake ni nene kuliko za mahabusu. Siku moja aliniuliza ni nani aliyeogopa kuibiwa mbegu za mahindi kiasi kile. Nilimjibu kwamba ni baba yangu, na kwamba siku hizo hapakuwa na mbegu ndani. Baba aliuza bunduki.

Lilikuwa duka dogo, mtaa wa nyuma hapa Same mjini. Wateja wake walikuwa wakulima wa milimani waliochoshwa na nguruwe pori na nyani, wafugaji wa tambarare, na walinzi wa mashamba ya mkonge. Kila mmoja alikuja na kibali cha polisi, na baba alikisoma polepole huku akiuliza habari za kwao. Mtu akinuka pombe alirudishwa, hata kibali chake kiwe safi namna gani. Siku nyingi hakuuza chochote zaidi ya risasi, na wala hakuonekana kusikitika. Nadhani baba hakufikiria sana wateja. Alifikiria wezi.

Wakati wa chakula alikuwa na mchezo wake. Alitutazama mimi na mama, akauliza, "Ungekuwa mwizi, ungeingilia wapi?" Mama alikuwa akijibu kwamba angeingilia jikoni, ale, kisha alale. Mimi nilichukulia kwa uzito. Nilipokuwa darasa la nne nilimwambia ningepanda juu nikang'oe bati. Haikuchukua muda, fundi akaja na mbao na saruji, akamwaga zege juu ya dari nzima. Nilitembea mtaani nimevimba kichwa kama mhandisi.

Fundi huyo ndiye aliyechomelea kila chuma cha duka lile. Ukuta tuliochangia na jirani muuza viatu ulivikwa bati zito kwa ndani. Kufuli la mlango likafichwa ndani ya kisanduku cha chuma, unaingiza mkono kwa chini kulifungua, ili mtu mwenye grenda asipate pa kukata. Kulikuwa na king'ora pia, lakini upepo wa Same ulikuwa ukikiamsha ovyo mpaka majirani wakaacha kugeuza shingo. Baba akakiuza, akanunua kanga, akawafuga uani. Kanga walipiga kelele wakimwona mgeni, na upepo hawakuujali.

Lakini kinga yake kubwa haikuwa chuma. Kila jioni kabla ya kufunga alizifungua bunduki zote vipande. Mitutu iliingia kwenye sefu la ukutani, vitako vikaingia kwenye kasha la chuma chumba cha nyuma. Ufunguo wa sefu alikuwa nao yeye, wa kasha alikuwa nao mama. Mwizi angeweza kumteka mmoja wao na bado akaondoka na mabomba matupu. Kwa hiyo wazazi wangu hawakupanda gari moja kamwe. Hata kwenda msibani kwao baba, Usangi, mama alitangulia na gari la kwanza na baba akafuata na la pili. Watu waliwaona kama wanandoa waliogombana. Kumbe walikuwa wakipendana sana, ila bunduki zilikaa katikati yao.

Mama alipofariki, ufunguo wake ukaja kwangu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Makanya, nikaomba uhamisho, nikahamia nyumbani. Asubuhi nilifungua kasha kabla ya kwenda shule, baba akaunganisha bunduki na kuzipanga ukutani kwenye mnyororo. Jioni tukarudia kinyume chake. Tulikuwa tukifanya kazi hiyo bila maneno mengi, na mpaka leo sijapata tena utulivu wa namna ile.

Mchana mmoja nilitoka shule nikakuta mlango wa duka uko wazi. Kiti cha baba kilikuwa kitupu. Juu ya meza ililala bunduki nzima, na pembeni yake boksi la risasi limefunguliwa. Hapakuwa na mtu. Nilitoka nje kuuliza. Jirani muuza viatu akaniambia mzee amepita anaelekea stendi, tena kamsalimia vizuri tu.

Nilifunga kila kitu, nikamfuata. Nilimkuta amesimama kwenye kivuli, amevaa koti lake la kanisani, anasubiri gari la kwenda Mwanga ili apande Usangi.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Mama ananisubiri," akasema kwa upole. "Nimechelewa sana leo."

Mama yake amelala kwenye migomba ya Usangi tangu kabla sijazaliwa. Nilimuuliza duka amemwachia nani. Akaniuliza duka gani. Kisha uso wake ukabadilika ghafla, akanishika mkono kwa nguvu. "Nani yuko dukani?" Sijawahi kuona hofu kama ile machoni mwa mtu mzima. Tulirudi kwa bodaboda mbili, kama ilivyokuwa desturi yetu.

Baada ya hapo nikaanza kuona mengi. Nilikuta risasi kwenye kopo la sukari. Nilikuta mtutu mmoja umelazwa kitandani kwake na kufunikwa blanketi vizuri. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huo wa kusahau haurudi nyuma, na mimi nilimchukia daktari yule bure, kijana wa watu asiye na kosa. Kaka yangu aliyeko Mwanza alisema kwenye simu, "Funga hilo duka," kana kwamba ni dirisha la chumbani. Yeye hakuwa akimwona baba asubuhi anavyonyooka mgongo akilikaribia. Nyumbani alikuwa mzee anayetafuta viatu alivyovaa. Mlango wa duka ukifunguka alirudi kuwa baba.

Hilo ndilo lililokuwa likinitesa. Nikinyamaza, iko siku mtoto wa mtu angeingia dukani akakuta bunduki juu ya meza. Nikisema, namnyang'anya baba kitu cha mwisho alichokuwa bado anakijua.

Nilisema. Nilikwenda kwa afisa wa polisi aliyekuwa akikagua duka letu, mtu ambaye baba alimzoea, nikamweleza yote huku nikilia kama mtoto. Hakunikaripia. Alisema bunduki zitahamishiwa ghala la polisi mpaka apatikane muuzaji mwenye leseni wa kuzichukua, ila gari lingechelewa. "Lakini kufuli, mwalimu, badilisha leo. Siyo kesho."

Nikamwita fundi yuleyule, naye kwa wakati huo mvi zimemjaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mzee yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani, amelala."

"Basi tufanye kabla hajaamka," akasema, bila kunitazama.

Haikuwa kazi ndogo, maana ufunguo wa mlango baba alilala nao shingoni. Kisanduku kile cha chuma kilitengenezwa ili kisikatike, na hakikukatika. Grenda ilipiga kelele asubuhi nzima, fundi akabadilisha visahani vya kukatia kimoja baada ya kingine, cheche zikamrukia kifuani. Kanga uani walitaka kuuamsha mtaa mzima. Alipopumzika nikamwona anajifuta macho, nikadhani ni vumbi la chuma. "Tulikitengeneza vizuri mno mimi na mzee," akasema. "Wezi wote wa wilaya hii wangeshindwa." Kisha akatia kufuli jipya na kukichomelea kisanduku upya. Niliona haya kusimama pale, kwenye mlango wa baba, nikishika taa ili kazi iende haraka.

Keshokutwa yake baba aliamka mapema, akaoga, akaniponyoka nikiwa najiandaa kwenda shule. Alifika dukani, akaingiza mkono kwa chini, ufunguo ukagoma. Jirani aliniambia baadaye kwamba hakupiga kelele. Alijaribu tena na tena, akarudi nyuma hatua kadhaa, akautazama mlango. Kisha akafanya jambo sahihi kabisa, jambo alilotufundisha sote tulifanye. Alikwenda moja kwa moja polisi kutoa taarifa ya wizi.

Afisa akanipigia simu. Nilipofika baba alikuwa ameketi kwenye benchi, wima, kofia magotini. Afisa aliinuka kunipisha kiti, na nikakaa karibu na baba. Aliniangalia kwa adabu, jinsi unavyomwangalia mtu mliyekutana kwenye foleni.

"Dada, na wewe umeibiwa?"

 Nikatikisa kichwa.

"Mimi wamebadilisha kufuli langu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Namjua aliyefanya. Ni mwanamke. Anakuja mpaka nyumbani, anapika, ananiita baba. Anajifanya binti yangu."

Afisa alitazama pembeni. Mimi nilikaa vilevile, mikono mapajani, nikamsikiliza baba akinieleza mimi kuhusu mimi. Alikuwa amepatia karibu kila kitu. Kufuli nilibadilisha mimi. Nililibadilisha wakati amelala. Na gari la polisi lilipokuja kubeba bunduki wiki ile, nilisimama pembeni fundi akilikata sefu, nikasaini, sikumwambia.

Tangu hapo hakulitaja duka tena. Alianza kulinda chumba chake. Asubuhi alitikisa nondo za dirisha moja moja, akasukuma kitanda mpaka mlangoni, akaufunga kwa ndani. Nikibisha aliuliza ni nani. Nikisema ni mimi, aliuliza mimi nani, na nikisema ni binti yako, kitanda kilisogezwa kikaubana mlango zaidi. Nikajifunza kutojibu. Niliacha chakula kizingitini, nikaenda uani, nikasubiri nisikie mlango ukifunguka.

Jumapili moja baada ya ibada nilimpelekea makande, chakula alichokipenda tangu utoto wake Usangi. Nilipoinama kuweka sahani, akasikia. Hakuuliza ni nani. Sauti yake ilitokea karibu kabisa, nadhani alikuwa ameweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Dada, wewe unayeleta chakula."

"Naam."

"Unamfahamu binti yangu? Ni mwalimu, anafundisha Makanya."

Nilisema namfahamu.

"Ukimwona, mwambie asije huku kwanza. Mwambie humu ndani kuna mwizi, na mimi siku hizi sina nguvu za kumlinda."

"Nitamwambia," nikasema.

Alinishukuru. Kisha nikasogea mbali ili aweze kufungua, ale.