Siku Niliyombeba Mwewe Mgongoni

Jamani, nawasimulia hili mwenyewe kwa sababu Mzee Bilali ameshaanza kulisimulia vibaya huko mtaani Kasingirima, anasema eti nilimnyonyesha, na mimi sikumnyonyesha, nilimbeba tu. Aibu yenyewe inatosha kama ilivyo, haihitaji kutiwa chumvi. Kwa hiyo kaeni niwaeleze, na atakayecheka kabla sijafika kwenye sehemu ya kuchekwa, atoke nje.

Ilikuwa miaka ile meli inashusha hapa Kigoma wakimbizi kutoka Burundi, watu wamejaa kwenye mahema na mabasi ya kuwapeleka kambini kupitia Mwandiga hayatoshi. Mimi nilikuwa mhudumu kwenye zahanati ya shirika lililowahudumia, ile ya kilimani juu ya Katonga: nafagia, nachemsha maji, na kubwa kuliko yote, naangalia friji ya chanjo. Umeme wa mjini haukufika kule. Friji ilitegemea mtambo wa upepo, mlingoti mrefu wa chuma wenye mapanga matatu juu, ambao sisi wote tuliuita panga boi kama lile la darini. Upepo ukivuma linazunguka, betri zinajaa, chanjo zinakaa kwenye ubaridi. Upepo ukikata, mimi na Sista Atupele tunaanza kuomba, yeye kwa Kikristo na mimi kwa Kiislamu.

Sista Atupele ndiye alikuwa mkuu wetu, nesi Mnyakyusa wa Tukuyu, mwembamba, hapandishi sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Jioni moja akatuita mimi na Mzee Bilali mlinzi.

"Kesho anakuja Bwana Massawe kutoka Dar," akasema. "Ni mtaalamu wa ndege. Mitambo ya upepo inaua ndege sehemu nyingi, na yeye ndiye anayeamua upi uendelee na upi usimame. Akikuta wetu unaua, anaufunga. Ukifungwa, friji imekufa, na surua imeshaingia kwenye mahema. Kila mtu kesho awe na akili zake."

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Evariste, mama wa Kirundi aliyekuja kuuliza kama homa ya mwanawe imeshuka kiasi cha kuchanjwa. Huyu mama binti yake mkubwa alikufa kwa surua kabla hawajapanda meli. Alibaki na Evariste tu, na kila siku Sista alikuwa anampima mtoto na kumwambia bado kidogo. Jioni ile akamwambia, "Kesho." Nilimwona alivyoshika mlango, na nikajua friji ile si ya shirika tena, ni ya yule mama.

Sasa hapo ndipo mimi, Mwavita binti wa watu, nikaona nisaidie.

Mnajua wenyewe mambo yetu. Mgeni akiondoka Kigoma mikono mitupu, bila dagaa, ni kama tumemfukuza. Nikasema huyu Massawe ataondoka na dagaa wa maana, niliowaanika kwa mkono wangu, na huenda moyo wake ukalainika kuhusu panga boi letu. (Sikuiita rushwa. Hata leo siiti rushwa. Dagaa ni dagaa.) Alfajiri nikashuka mwaloni Katonga, wavuvi wanakoshusha samaki, nikapata ndoo ya dagaa wabichi wanaong'aa, lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, mchanga wote umelowa, na kila sehemu kavu imeshawahiwa na wenyewe. Nikajitwika ndoo yangu nikapanda nayo kilimani.

Chini ya mlingoti palikuwa na uwanja wa kokoto, pakavu, na upepo ulikuwa umeamka asubuhi ile baada ya kulala wiki nzima. Na hapa ndipo werevu wangu ulipoanza kuniponza. Mwaloni tunafukuza mwewe kwa kufunga vitambaa na makopo kwenye kamba, chochote kinachochezacheza, mwewe anaogopa kushuka. Nikainua macho nikaliangalia panga boi linavyozunguka, vuu, vuu, vuu, nikajiambia, kitambaa gani kitalishinda hili? Nikatandika turubai, nikamwaga dagaa wangu, nikawasambaza vizuri, nikaenda kuchemsha maji huku najisifu moyoni.

Kumbe mwewe akishaona dagaa hatazami kitu kingine. Macho yake yote yako chini. Panga likija kutoka juu halioni.

Mimi niko jikoni nikasikia kishindo, pa! Nikatoka. Akina mama walikuwa wameshaanza kupanga foleni upande wa pili wa jengo, hawakuona. Mwewe mkubwa alikuwa amelala kwenye kokoto, mabawa wazi, na juu wenzake wanazunguka, wengi, sijui walitoka wapi. Na hapohapo nikasikia gari linapanda mlima.

Nifanye nini? Dagaa ni wengi, siwezi kuwazoa kwa wakati. Lakini huyu mmoja naweza kumficha. Ningemtupa nyuma ya ukuta ingekuwa vizuri zaidi, nalijua hilo leo, ila siku ile mkono wangu uliwahi kabla ya kichwa. Nikamkunja mabawa kama anavyokunjwa kuku wa sokoni, nikavua kanga yangu ya juu, nikamtia mgongoni nikamfunga. Ndiyo. Kama mtoto.

Gari likasimama. Akashuka bwana mmoja mpole wa sura, darubini shingoni, Sista Atupele akatoka kumpokea, na mimi nikiwa nimesimama katikati ya njia sina pa kwenda.

"Huyu ni Mwavita, ndiye anayeangalia friji," Sista akasema, kisha akaona mgongo wangu. Sista anajua sina mtoto mchanga. Nilimwona anavuta pumzi, akaiacha palepale.

"Habari za kazi, mama," Bwana Massawe akasema.

"Nzuri, karibu sana Kigoma."

"Na mdogo wangu huyo wa mgongoni, amelala?"

"Amelala."

"Anaitwa nani?"

"Bahati," nikasema, na sijui jina lile lilitoka wapi.

Akasogea kumchungulia, na mimi nikazunguka, akasogea tena na mimi nikazunguka tena, tukawa kama tunacheza ngoma. Nikasikia mtu amekuja nyuma yangu na mkono unavuta kanga kwa chini. Ni Mama Evariste, mtoto wake akiwa mgongoni mwake. Akaninong'oneza, "Dada, mkia." Maana yake, mkia wa mwewe ulikuwa umetokeza kwenye kiuno changu, na yule mama akaufunika, akasimama hapohapo nyuma yangu bila kusogea.

Bwana Massawe akainua macho. "Mbona mwewe ni wengi hivi hapa?" akauliza. Akaanza kutembea kuelekea kwenye mlingoti, sisi nyuma yake, nikaombea mwewe watawanyike, nikaombea upepo ukate, mimi ambaye kwa wiki nzima nilikuwa nauomba uje. Mmoja akajikunja huko juu akashuka kwa kasi. Nilitaka kupiga kelele. Panga likamkuta katikati ya njia, akaanguka mbele ya viatu vya mgeni.

Yule hakuamka.

Na kishindo kile kikamwamsha wa kwangu. Kwanza nilihisi anajinyoosha, taratibu, kama mtoto kweli. Halafu akafungua kucha. Jamani, nyie mnaoijua miba ya mchongoma, huo ni mchezo. Nikakaza meno, machozi yananitoka, na Bwana Massawe akageuka akaniona nalia, akadhani namlilia yule ndege wa chini, akaniambia kwa huruma, "Pole, mama." Hapo mwewe akapiga ukelele sikioni mwangu na kichwa chake kikatokea juu ya kanga, bega kwa bega na mimi, macho ya njano, anamtazama mgeni.

Foleni nzima ilizunguka jengo kuja kutazama. Nilikimbia, nikazunguka, nikajaribu kufungua fundo, fundo likakataa, nikapita juu ya turubai nikateleza kwenye dagaa nikakaa kitako katikati yao, gauni la kazi limechanika mgongoni, na mwewe akatoka kwenye kanga kwa hasira, akanikanyaga kichwani, akaruka akipepesuka kuelekea ziwani. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Bwana Massawe alichuchumaa, akamkunja bawa yule aliyekufa, taratibu, na nikaona kwamba mtu huyu ameumia kweli. Kisha akamwambia Mzee Bilali, "Zima."

Mzee Bilali akavuta mkono wa breki. Panga boi likalegea, likasimama. Ukimya ulikuwa mkubwa mpaka nikasikia friji ndani inavyonguruma, na kwenye boksi la betri mlangoni taa nyekundu ikawaka, maana wiki ile yote betri hazikuwa zimeshiba.

"Bwana Massawe," Sista akasema, "mtambo huu ukisimama, chanjo zangu zinaharibika leo hii."

"Sista, sijanywa hata maji na nimeshaona wawili. Unataka nifumbe macho?"

"Nina watoto hapo nje."

"Nawaona. Na mimi nina kazi niliyotumwa." Hakuwa mkali, na hilo ndilo lilinitisha, kwa sababu mtu mkali unaweza kumbembeleza.

Mimi bado nimekaa kwenye dagaa. Nilikuwa naweza kunyamaza. Ningenyamaza ningebaki tu kuwa mwendawazimu mmoja wa kwetu Ujiji anayebeba mwewe, na Ujiji wendawazimu tunawasamehe. Lakini Mama Evariste alikuja akainama mbele yangu, akanishika mabega.

"Sema dada," akasema. "Weye urabizi... wewe unajua. Sema."

"Ni dagaa," nikasema.

Bwana Massawe akageuka. "Nini?"

"Ni hawa dagaa. Panga boi halina kosa. Hapa mwewe hawaji, muulize Mzee Bilali, hawana cha kufuata. Mimi ndiye nimewaita leo. Nilidhani panga boi litawafukuza kama vitambaa vya mwaloni."

"Dagaa wa nani?"

Nikamtazama Sista. Alikuwa ameshafumba macho.

"Wako," nikasema.

"Wangu?"

"Wa zawadi. Ulikuwa uondoke nao."

Alinitazama, akautazama mlingoti, akamtazama ndege mkononi mwake. Hata mwili wangu wenyewe ulikuwa unanikimbia kwa aibu.

"Waondoe," akasema mwishowe. "Wote, mpaka harufu. Halafu tutafungua breki na nitakaa hapa niangalie. Akija hata mmoja karibu na mapanga, nafunga na sitaki maneno."

Nikaanza kuzoa. Mama Evariste akapiga magoti kando yangu, kisha akina mama wengine wakaacha foleni, wengine na watoto mgongoni, wakazoa dagaa mmojammoja katikati ya kokoto, Sista akaleta maji ya dawa ya kusafishia, tukamwaga, tukasugua, tukamwaga tena. Ndoo ikapelekwa mbali. Taa nyekundu bado inawaka. Mzee Bilali akaachia breki, na panga boi likaanza, vuu, vuu.

Bwana Massawe akakaa kwenye kiti na darubini yake. Sisi tulikaa chini. Mwewe walikuwa bado wako juu, wanazunguka. Mmoja akatoka kwenye wenzake akaja chini, chini zaidi, sawasawa na mlingoti. Mama Evariste akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Yule mwewe akaja, akaja, akafika karibu kiasi cha kuona manyoya ya mkia yanavyocheza, akatazama uwanja uliokuwa mtupu, akainamisha bawa, akapita pembeni akateremka Katonga kwenye samaki wa wenzetu. Wengine wakamfuata.

Tulikaa mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mjini, na taa kwenye boksi ikageuka kijani. Bwana Massawe akashusha darubini.

"Utaendelea kuzunguka," akasema. "Lakini chini yake nisisikie samaki, wala jalala, wala kuku. Mwewe wakianza kukusanyika, mnavuta breki mpaka waondoke. Na mtu wa kuangalia juu awe huyu."

"Mimi?"

"Wewe umewabeba. Sisi wengine tunawasoma tu."

Sista Atupele aliingia ndani akavaa glavu, na wa kwanza kuitwa alikuwa Evariste. Alilia kidogo, akanyamaza, akaangalia pamba kwenye mkono wake kwa mshangao. Nikajitayarisha kuondoka kimyakimya nikashone gauni, na Sista bila kugeuka akasema, "Mwavita, umechanwa na kucha. Unachomwa ya pepopunda. Kapange foleni."

Nikapanga, mtu mzima mimi, nyuma ya watoto wote wa meli. Zamu yangu ilipofika sindano ikagusa pale pale penye uchungu, nikapiga ukelele mkubwa kuliko watoto wote wa siku ile. Hapo ndipo akina mama walipocheka. Mama Evariste alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa chini, hatukuwahi kumsikia akicheka tangu meli imshushe, na kicheko kikaendelea mpaka kikageuka, akawa analia kwa sauti, anamwita yule binti yake kwa jina. Nikaenda kukaa kando yake kwenye sakafu, mgongo unaniuma. Evariste alikuwa amelala.

Tangu siku ile mgeni akiondoka kwangu nampa mawese kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Akitaka dagaa namwonyesha njia ya Katonga, akanunue mwenyewe, akaanike kwao.